Kaskazi na Moshi wa Alfajiri: Kwa Nini Hewa ya Majengo Huwa Nzito Kabla ya Jua Kupanda

Kuanzia Desemba hadi Machi, wakazi wengi wa Majengo na mitaa jirani ya Kisiwa cha Mombasa huona jambo moja likijirudia. Mchana upepo huvuma vizuri, mapazia hupepea na nguo hukauka upesi kwenye kamba. Lakini alfajiri, watu wanapotoka kwenda msikitini, kazini au sokoni, vichochoro huwa vimejaa harufu ya moshi. Moshi huo hutanda chini, usawa wa madirisha. Huwasha macho na koo, na kwa mwenye pumu huwa ndio mwanzo wa siku ngumu. Ifikapo saa 4 asubuhi, mara nyingi umeshatoweka.

Wengi husema moshi huo umeletwa na upepo. Siku nyingine ni kweli. Lakini asubuhi nyingi za kaskazi sababu huwa kinyume chake: moshi umebaki kwa kuwa upepo haupo. Kila kilichochomwa au kupikiwa tangu jioni kimebaki pale pale kilipotoka, katikati ya nyumba za watu. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, moshi hutoka pande zipi, na mkazi anaweza kufanya nini ili watoto, wazee na wagonjwa wa nyumba yake wapumue vizuri zaidi msimu huu.

Majira mawili ya upepo

Pwani ya Kenya huishi kwa pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa kawaida kati ya Desemba na Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia takriban Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Katikati yake kuna kipindi cha maleleji, ambapo upepo hubadilika badilika na baharini huwa kumetulia.

Pepo hizi ndizo zilizojenga Mji wa Kale. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India yalishuka na kaskazi hadi bandari ya zamani ya Mombasa, yakasubiri, kisha yakarudi na kusi. Nahodha alilazimika kujua upepo utageuka lini, maana aliyechelewa alikaa Mombasa hadi msimu mwingine. Upepo huo huo uliosukuma tanga ndio leo unaosukuma moshi.

Kaskazi ni majira ya ukavu. Mvua kubwa ya Mombasa hunyesha Aprili hadi Juni, na mwezi wa Mei peke yake wastani hupita milimita 200. Februari kwa kawaida haifiki hata milimita 40. Ukavu huu una maana mbili kwa habari ya moshi. Kwanza, majani, makumbi, karatasi na taka hukauka na kushika moto upesi. Pili, mvua, ambayo ndiyo ufagio mkubwa wa hewa, haipo. Wakati wa masika mvua huosha chembe za moshi na vumbi kutoka angani na kuziangusha chini. Wakati wa kaskazi chembe hizo hubaki zikielea mpaka upepo uzichukue.

Mchana na usiku si upepo mmoja

Jina la msimu ni kaskazi, lakini upepo unaofika mtaani haufanani saa zote. Sababu ni bahari na nchi kavu kupata joto na kupoa kwa kasi tofauti.

Jua likipanda, ardhi, mabati na lami hupata joto haraka kuliko maji ya bahari. Hewa iliyo juu ya nchi kavu huwa nyepesi na kupaa, na hewa ya baharini huingia kuchukua nafasi yake. Huo ndio upepo wa bahari. Wakati wa kaskazi upepo huu huungana na upepo wa msimu, na ndiyo maana saa za alasiri huvuma kwa nguvu kutoka mashariki na kaskazini-mashariki. Kwa Majengo, huo ni upepo unaotoka upande wa Nyali na Kisauni, unavuka mkondo wa Tudor, unapita mtaani na kuelekea Shimanzi na bandarini.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa upesi kuliko bahari, upepo wa bahari hukatika, na upepo wa msimu wenyewe hupungua nguvu karibu na ardhi. Kuelekea alfajiri pumzi nyepesi huanza kutoka bara, upande wa magharibi na kaskazini-magharibi. Wavuvi huuita umande, nao huutumia kutoka na ngalawa zao mapema. Ni upepo dhaifu. Unatosha kusukuma tanga dogo baharini, lakini ukifika kwenye vichochoro vyembamba vya Majengo, kuta na nyumba zilizobanana huuzuia kabisa.

Kwa hiyo moshi mmoja unaweza kwenda njia mbili kwa siku moja. Wa saa 9 alasiri husukumwa haraka kuelekea magharibi na kusini-magharibi. Wa saa 10 alfajiri hukaa ulipo, au hujongea taratibu kuelekea mashariki.

Kifuniko kisichoonekana

Upepo ni nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili ni kile kinachotokea juu ya paa.

Kwa kawaida hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto kuliko iliyo juu. Moshi, ukiwa na joto, hupaa na kuchanganyika na hewa nyingi. Mchana wa jua kali la Mombasa mchanganyiko huo hufika juu mamia ya mita, wakati mwingine zaidi. Moshi wa jiko moja huwa kama kijiko cha rangi kilichomwagwa kwenye pipa la maji: upo, lakini umetawanyika.

Usiku usio na mawingu, na kaskazi ina nyusiku nyingi za namna hiyo, paa za mabati na ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani. Hewa inayogusa ardhi hupoa, huwa nzito, na hukaa chini. Juu yake kunabaki hewa yenye joto zaidi. Mpangilio huo uliopinduka huwa kama kifuniko cha sufuria. Moshi hupaa kidogo, hukutana na hewa ya joto iliyo juu yake, huacha kupanda na kuanza kutanda kando. Yeyote aliyewahi kuona moshi wa alfajiri ukinyooka kama shuka juu ya mapaa, badala ya kupanda juu, ameona kifuniko hicho kwa macho yake.

Mombasa haipoi usiku kama Nairobi, kwa sababu bahari ipo karibu na hutunza joto. Kifuniko cha hapa ni chepesi kuliko cha miji ya bara iliyo mabondeni. Lakini pale upepo unapotulia, hata kifuniko chepesi kinatosha.

Mfano mdogo wa hesabu unasaidia. Tuseme kiasi kile kile cha moshi mchana kinapata nafasi ya kwenda juu mita 1,000, na alfajiri kinapata mita 50 tu. Nafasi imepungua mara 20, kwa hiyo moshi kwenye hewa ya kuvuta huwa mzito mara 20. Ongeza na upepo: ukipungua hadi nusu, hewa mpya inayopita ili kuuzimua moshi nayo hupungua hadi nusu. Hivyo basi moto mdogo wa alfajiri unaweza kuchafua hewa ya mtaa kuliko moto mkubwa zaidi wa mchana.

Jua likichomoza, huanza kupasha ardhi, na hewa ya chini huanza kupaa tena. Kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi kifuniko huvunjika. Kabla ya hapo kuna kipindi kifupi ambacho moshi uliokuwa umening'inia juu ya mapaa hushushwa chini na hewa inayoanza kuzunguka. Ndiyo maana baadhi ya watu husema harufu huzidi jua linapoanza kupata nguvu, kisha hukatika ghafla.

Moshi unatoka wapi

Moshi wa Majengo wakati wa kaskazi una asili tatu.

Wa kwanza ni wa mtaani penyewe. Unatokana na majiko ya mkaa na kuni, vibanda vya kukaangia, pikipiki, tuktuk na matatu, na kwa kiasi kikubwa taka zinazochomwa nje ya nyumba. Mazoea ya kufagia uwanja alfajiri, kukusanya majani, karatasi na mifuko pamoja na kuwasha moto yana nia njema ya usafi. Bahati mbaya saa yenyewe ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa kifuniko bado hakijavunjika. Msimu huu pia hukutana na Ramadhani katika miaka hii ambayo mwezi huo unaangukia Februari na Machi. Chakula cha daku hupikwa kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri, katika nyumba nyingi kwa wakati mmoja.

Wa pili ni wa ng'ambo ya maji. Kaskazi inapovuma mchana na jioni, Majengo hupokea hewa iliyopita Nyali na Kisauni, ambako kuna jaa la VOK, na mbele zaidi kaskazini kuna jaa la Mwakirunge. Jaa likishika moto wakati wa ukavu, moshi wake unaweza kuvuka mkondo wa Tudor. Alfajiri, umande unapovuma, hewa hutoka upande wa Changamwe, Makupa na Kibarani.

Kibarani ni somo zuri. Kwa miaka mingi palikuwa na jaa kubwa kando ya barabara ya Makupa, kwenye lango la kisiwa, na moshi wake ulijulikana na kila aliyeingia au kutoka kisiwani. Mwaka 2018 kazi ya kulifunga na kupanda miti mahali pake ilianza. Upepo wa pale haujabadilika. Umande bado unatoka upande ule ule kila alfajiri. Kilichobadilika ni kwamba chanzo kimeondolewa. Hali ya hewa huamua moshi uende wapi na ukae muda gani. Uamuzi wa kuwasha moto ni wa binadamu.

Wa tatu ni ukungu wa mbali. Upepo wa kaskazi hutoka mbali, kwenye Bahari ya Arabu na pwani ya Somalia, na unaweza kubeba vumbi na chembe ndogo kutoka nchi nyingine. Mwaka 1999 wanasayansi wa mataifa kadhaa walifanya utafiti mkubwa uliojulikana kama INDOEX. Walikuta kwamba katika miezi hii ya ukavu utando wa moshi na chembe kutoka Asia ya Kusini husambaa juu ya sehemu kubwa ya kaskazini mwa Bahari ya Hindi. Chembe hizo hufika huku zikiwa zimezimuka sana. Huweza kufifisha anga, lakini si hizo zinazoleta harufu ya plastiki kwenye kichochoro alfajiri.

Jinsi ya kuutambua

Mkazi hahitaji chombo ili kukisia moshi umetoka wapi. Mambo manne yanatosha.

Harufu: moshi wa karibu hunuka, na harufu yake husema kilichochomwa. Plastiki hunuka kwa ukali na kuwasha koo, na majani mabichi hutoa moshi mweupe mzito. Ukungu wa mbali hauna harufu.

Mahali: moshi wa karibu hukaa mapande mapande. Kichochoro kimoja kimejaa, cha pili ni safi. Ukungu wa mbali hufifisha upeo wote wa macho, mtu akitazama bahari kutoka Mama Ngina huona mstari wa maji na anga umepotea.

Saa: moshi wa mtaani huzidi alfajiri na mapema usiku, hupungua mchana. Wa jaa la ng'ambo huja na upepo wa mchana na jioni. Ukungu wa mbali hukaa siku nzima, hata siku kadhaa.

Upande: tazama bendera, nguo zilizoanikwa au moshi wa bomba lililo juu. Zikipeperuka kuelekea Shimanzi, hewa inatoka Kisauni na Nyali. Zikiwa zimelala kimya, moshi unaonukia umetoka jirani.

Dalili ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Nguo zisipotikisika na moshi upo, chanzo kipo hatua chache kutoka hapo, na jawabu lake lipo mtaani.

Moshi hufanya nini mwilini

Sehemu ya moshi inayodhuru zaidi haionekani kwa macho. Ni chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa takriban mikromita 50 hadi 70, kwa hiyo chembe zaidi ya 20 kati ya hizo zinaweza kupangwa kwa upana wa unywele. Pua na koo hunasa vumbi kubwa, lakini chembe hizi hupita, hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2021. Linashauri kwamba hewa ya kuvuta kwa saa 24 isizidi wastani wa mikrogramu 15 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo, na wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5. Shirika hilo linakadiria kuwa hewa chafu ya nje na ya ndani ya nyumba husababisha vifo vya karibu watu milioni 7 duniani kila mwaka, vingi kutokana na magonjwa ya moyo, kiharusi, mapafu na nimonia kwa watoto.

Taka za plastiki huongeza hatari nyingine. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo usio na hewa ya kutosha, kama ule wa lundo la taka, hutoa kemikali zenye sumu, zikiwemo dioksini. Sehemu ya sumu hiyo hubaki kwenye jivu, na jivu hilo hupeperushwa uwanjani wanapochezea watoto.

Wanaoumia mapema ni watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee, na wenye pumu, kifua kikuu, shinikizo la damu au maradhi ya moyo. Mtoto mdogo hupumua mara nyingi kwa dakika kuliko mtu mzima, tena pua yake ipo chini, karibu na mahali moshi wa alfajiri unapotanda.

Mtu apelekwe zahanati au hospitali bila kungoja ikiwa anapumua kwa shida, hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ana maumivu ya kifua, au midomo yake imegeuka rangi. Kwa mtoto, mbavu kuingia ndani kila anapovuta pumzi, au kushindwa kunyonya, ni dalili ya hatari.

Hatua za nyumbani

Usichome taka, hasa alfajiri na usiku. Hili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Wala kusogeza moto hadi mchana si suluhisho. Alasiri upepo una nguvu, moshi huenda kwa jirani wa Mwembe Tayari na Shimanzi, na cheche huweza kuruka hadi kwenye paa la makuti au kibanda cha mbao. Majira ya ukavu ndiyo majira ya nyumba kuungua.

Washa jiko nje kwanza. Mkaa hutoa moshi mwingi unapoanza kushika. Liwashwe uani au mahali penye hewa, lipepewe mpaka makaa yawe mekundu na moshi ukatike, ndipo liingizwe jikoni. Mkaa uwe mkavu. Usiwashie mfuko wa plastiki, kipande cha mpira wala mafuta. Karatasi kavu au makumbi makavu kidogo yanatosha.

Usilale na jiko ndani. Mkaa ulioacha kutoa moshi bado hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Chumba kilichofungwa na jiko la mkaa haviendi pamoja, hata kama makaa yanaonekana yamefifia.

Pika mapema kinachoweza kupikwa mapema. Maharagwe, mbaazi na nyama huweza kuchemshwa alasiri, wakati upepo unavuma na kifuniko kimefunguka, kisha alfajiri yakapashwa moto kwa muda mfupi. Nyumba yenye uwezo wa gesi ya kupikia iitumie kwanza saa za alfajiri.

Fungua na funga madirisha kwa kufuata saa. Usiku wa kaskazi una joto na si rahisi kufunga kila kitu. Inatosha kufunga dirisha la upande unaotoka moshi kuanzia alfajiri hadi moshi utakapopungua, na kuacha la upande mwingine wazi. Saa 4 asubuhi hadi jioni fungua yote, upepo uoshe nyumba.

Fukiza kwa kiasi. Udi, ubani na makumbi ya kufukuzia mbu navyo ni moshi. Vifukizwe dirisha likiwa wazi, na mbali na mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu. Dhidi ya mbu, chandarua kina kinga bora na hakina moshi.

Mwenye pumu awe tayari. Dawa ya kuvuta iwe karibu usiku na iangaliwe kama haijaisha au kupitwa na wakati. Mazoezi, kukimbia na kazi nzito zisogezwe hadi moshi utakapokatika. Watoto wanaokwenda shule au madrasa mapema wapitishwe njia isiyo na moto, hata kama ni ndefu kidogo.

Mambo yasiyosaidia

Maziwa hayaoshi mapafu. Yanaweza kutuliza koo, lakini huenda tumboni, wakati moshi umekwenda mapafuni.

Leso, kanzu au kitambaa puani hakizuii chembe ndogo, hata kikiloweshwa maji. Hupunguza vumbi kubwa tu. Barakoa za aina ya N95 huzuia chembe hizo kama zimekaa sawasawa usoni.

Kumwagia maji kidogo lundo linaloungua, kisha kuliacha, huzidisha moshi. Moto uliopoa nusu huendelea kufuka kwa saa nyingi, na huko kufuka ndiko kunakochafua hewa zaidi. Ukizimwa, uzimwe kabisa.

Taka, haki na wajibu

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaziweka kudhibiti uchafuzi wa hewa, kuondoa taka na huduma za kuzima moto miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kanuni za ubora wa hewa chini ya sheria ya mazingira zilitolewa mwaka 2014, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ndiyo inayozisimamia nchini.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na taka kavu pale pale zinapozalishwa. Kwa nyumba ya Majengo hilo linamaanisha ndoo mbili. Ya kwanza ni ya maganda, mabaki ya chakula na majani. Ya pili ni ya plastiki, karatasi, chupa na makopo, ambavyo vina wanunuzi wake. Kinachobaki baada ya hapo huwa kidogo, na kidogo ni rahisi kukitunza mpaka kitakapochukuliwa. Watu wengi huchoma taka kwa sababu lundo limekuwa kubwa na linanuka. Kinachonuka ni zile zinazooza. Zikitengwa, sababu ya kuwasha moto hupungua.

Wakazi wa nyumba zinazotumia uwanja mmoja wanaweza kukubaliana mahali pa kuweka taka na siku ya kuzitoa, na jambo hilo likafikishwa kwa mzee wa mtaa au kikao cha Nyumba Kumi. Mazungumzo ya ujirani hufanya kazi upesi kuliko malalamiko, hasa yakifanywa mchana na kwa heshima, si alfajiri wakati kila mtu anakohoa.

Lundo likiendelea kuungua, au taka zikirundikana bila kuchukuliwa, taarifa ipelekwe kwa msimamizi wa wadi au idara ya mazingira ya kaunti. Taarifa nzuri hutaja mahali, saa, siku ngapi limeendelea na kinachochomwa. Moto unaotishia nyumba ni dharura: piga 999 au 112.

Siku moja ya kaskazi kwa ufupi

Saa 9 usiku hadi saa 1 asubuhi: upepo umelala, kifuniko kipo. Moshi wowote hukaa mtaani. Usiwashe taka, punguza muda wa jiko la mkaa, wagonjwa wakae mbali na moshi.

Saa 1 hadi saa 4 asubuhi: jua linaanza kufungua kifuniko. Harufu inaweza kuzidi kwa muda mfupi, kisha kukatika.

Saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni: upepo wa bahari na kaskazi huvuma pamoja. Fungua nyumba, pika vyakula vya muda mrefu. Kuwa mwangalifu na cheche, na ikiwa jaa la ng'ambo linaungua, tarajia harufu kutoka upande wa Kisauni.

Saa 12 jioni hadi saa 3 usiku: upepo hupungua huku majiko na magari yakiwa mengi. Moshi huanza kukusanyika tena.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa kila siku, wa wiki na wa msimu, ukitaja mwelekeo na nguvu ya upepo wa Pwani. Utabiri ukisema upepo utakuwa dhaifu na anga haitakuwa na mawingu usiku, mwenye mgonjwa wa pumu nyumbani ajue mapema kwamba alfajiri ya kesho itakuwa nzito, na ajiandae tangu jioni. Mvua za masika zikianza kati ya mwishoni mwa Machi na Aprili, hewa itaoshwa. Mpaka hapo, usafi wa hewa ya alfajiri utategemea zaidi mioto ambayo wakazi wenyewe wameamua kutoiwasha.